Bahari Ilipopona Mjini Nyeri

Serikali ilifurahi kuwatangazia wananchi wote, wa bara na wa pwani, kwamba bahari imepona. Tangazo hilo lilitolewa Nyeri, Alhamisi moja yenye ukungu, katika ofisi iliyo juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na mimi ndiye niliyelisoma. Waandishi wa habari wote walialikwa. Alikuja mmoja, naye alikuwa amefuata dawa ya kupe huko chini, akapanda ngazi kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Nitaeleza mambo haya kwa utaratibu, maana mengi yamesemwa na watu ambao hawakuwa kwenye mkutano.

Mimi ni Nderitu, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Kudumu ya Athari za Mafuta Baharini. Mwishoni mwa miaka ya themanini meli moja ilipasuka ubavu karibu na kijiji cha Mikandaani, kule pwani. Mafuta mazito yakaingia ghubani na kuganda kwenye mizizi ya mikoko, mahali samaki wanapozalia. Serikali ikaona kwamba suala hilo linahitaji watu wasio na upendeleo. Mtu wa pwani ana upendeleo: ana mtumbwi, ana jamaa baharini, na mara nyingi ana njaa. Ikatafutwa wilaya isiyojua bahari hata kidogo, na Nyeri ikapita bila kupingwa. Sitaficha pia kwamba Mwenyekiti wetu, Bwana Mathenge, alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake hapo, na daktari alikuwa amemkataza joto.

Uzoefu wa Bwana Mathenge haukuwa na shaka. Alikuwa ameongoza kamati ya kahawa mpaka kahawa ikaisha, kisha kamati ya maziwa mpaka maziwa yakaisha. Bahari ilikuwa kitu cha kwanza kukabidhiwa ambacho wataalamu walisema ni kikubwa mno kwisha. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kanisani, na alipenda mkutano uishe kabla ya saa ya chakula.

Ili sauti ya pwani isikike, tulimwingiza kwenye kamati Bwana Roble, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki. Yeye huvaa kikoi na huswali mara tano, kwa hivyo tulimhesabu kuwa mtu wa pwani. Siku ya kwanza alitueleza kwa adabu kwamba alizaliwa jangwani kati ya ngamia na hajawahi kuiona bahari. Tukamshukuru, tukaandika kwamba mwakilishi wa pwani ametoa salamu.

Sasa kuna jambo moja ambalo msomaji asiye wa kwetu anapaswa kulielewa. Watu wa mlimani hatukulelewa na samaki. Babu zetu walimweka fungu moja na nyoka na chura, wakaendelea na mbuzi wao. Mito yetu ina samaki, hilo nakubali. Wazungu walileta trauti zamani, wakawa wanasimama majini na kofia zao wakiwavua kwa kamba, na wazee waliwatazama kwa huruma wakidhani wamefiwa. Mimi nakaa Kiganjo na kila asubuhi napita karibu na mabwawa ya trauti, lakini sijawahi kugeuza shingo. Katika kamati nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kutia samaki kinywani. Kwao Bwana Roble mambo yalikuwa vivyo hivyo. Alisema mtu wa ngamia akila samaki, ngamia hujua.

Nilisema tulitakiwa kutokuwa na upendeleo. Nadhani hata Jaji Mkuu asingepata kamati safi kuliko hiyo.

Suala lililokuwa mezani Alhamisi hiyo lilikuwa moja. Serikali ilikuwa na vijana kule Mikandaani waliokuwa wakikwangua mafuta kwenye mikoko na kuyavuta topeni kwa pampu. Kama bahari imepona, vijana na pampu warudishwe. Kama haijapona, wabaki. Wizara ilikuwa imedokeza, kwa simu, kwamba uponaji ungepokelewa vizuri. Kanuni ilitaka kamati imchunguze samaki wa mahali penyewe, kwa macho, kwa pua na kwa ulimi.

Samaki aliletwa na Bi Mejumaa. Huyu alikuwa kiongozi wa kina mama karanga wa Mikandaani, yaani wale wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza kando ya barabara. Alisafiri kutoka pwani na sanduku la barafu na chupa ya tope. Tulimkuta kwenye benchi la nje amejifunga leso tatu, meno yakigongana kwa baridi. Nikamwagizia chai. Alisema asante, mwanangu, kisha akanionyesha ile chupa na kuniomba niinuse. Nilimweleza kwamba kanuni inataja samaki, haitaji tope, na chupa ikabaki kwenye benchi.

Samaki walipelekwa chini kwa Kagure, mwenye hoteli tunapokula mchana. Kagure hupika mbuzi, githeri na chapati, na huwa hana subira na ofisi za serikali kwa sababu tunachelewa kulipa. Alifungua sanduku, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ati mnataka nipike hii?" aliniuliza. "Hii kitu inanuka ka koroboi. Sufuria yangu nitatumia tena na nini?"

Nilimwambia kwamba yeye si mwanakamati. Akachukua sufuria kuukuu, ile ya kuchemshia maji ya miguu ya kuku, akamchemsha samaki pamoja na magamba yake kwa muda unaotosha kulainisha beberu. Kisha akatuletea juu na kufunga mlango nyuma yake.

Chumba kilijaa harufu ambayo sina budi kuiita nzito. Bwana Mathenge alifanya sala fupi, akakata kipande, akakiweka ulimini. Machozi yalimtoka. Akameza. Mmoja baada ya mwingine tukafanya vivyo hivyo, na nasema bila kujisifu kwamba hakuna aliyekimbia. Ladha ilikuwa ya taa. Ilikuwa kama mtu amelamba utambi kisha akakohoa.

"Kwa hivyo hii ndiyo samaki," alisema Mwenyekiti, akijifuta macho.

Bwana Roble alisema sasa amewaelewa ngamia.

"Mimi naona hii samaki iko sawa," Mwenyekiti akaendelea. "Wazee wetu walikataa hii kitu bila kuonja, na mnaona walikuwa na haki. Hii harufu haikuletwa na meli. Ni yake. Kuna mtu hapa anaweza kusema samaki huwa na harufu ingine?"

Hakuna aliyeweza. Kamati ikaafikiana kwa kauli moja kwamba samaki wa Mikandaani ana harufu ya samaki, ladha ya samaki na tabia zote za samaki, na kwamba bahari, kwa hiyo, imepona. Ilikuwa bado saa sita kasoro.

Bi Mejumaa aliitwa asomewe uamuzi. Aliusikiliza akiwa amesimama, mikono ndani ya leso. Hakupiga kelele. Alimtazama Mwenyekiti, akazitazama sahani zetu, akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Sikiza, Bwana Mwenyekiti," alisema. "Mimi nina mjukuu. Amezaliwa baada ya ile meli. Juzi wavuvi walikwenda mbali, bahari kuu, wakarudi na changu mzuri, mweupe, hana hata doa. Nikamkaangia yule mtoto. Akamtema. Akaniambia, bibi, huyu hana ladha. Nikalia mbele ya mtoto, sikuona haya. Haya mafuta yameingia mpaka kwenye ulimi wa watoto wetu, na nyinyi mwaniambia bahari imepona. Mukiwaondoa wale vijana na pampu zao, ghuba haitasafishika tena, na watoto wetu watakufa hawajui samaki ni nini."

Nilihisi kitu kinanipanda kifuani, kitu kizito, nikadhani ni samaki. Nikaandika: *Wakazi wamezoea vizuri.* Bwana Mathenge alimwambia mama huyo, kwa ile sauti yake ya kanisani, kwamba kamati imeguswa sana na kwamba serikali itaandaa sherehe.

Bi Mejumaa aliuliza ni sherehe gani. Nikamweleza: Siku ya Kupona kwa Bahari, itakayofanyika kwenye uwanja wa maonyesho hapa Nyeri, na mgeni wa heshima atakuwa Katibu Mkuu wa wizara. Akaniuliza huyo mkubwa ni mtu wa wapi. Nikamwambia ni wa huku huku mlimani, na mwenye bidii. Akawa anaiviringisha ncha ya leso kwenye kidole. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo, kina mama karanga wa Mikandaani wangeomba heshima ya kupika samaki siku hiyo. Mpaka siku ifike, akasema, atakuwa anatutumia sanduku kila Ijumaa, ili wakubwa wazoee.

Tuliguswa na ukarimu huo. Wiki hiyo hiyo vijana wa kukwangua waliondolewa Mikandaani na pampu zikapakiwa kwenye lori.

Mambo yaliyofuata ni ushahidi wa nguvu ya uongozi. Ijumaa ya kwanza tulikula kwa wajibu. Ijumaa ya pili tulikula kwa vitunguu. Kufikia msimu wa mvua, Bwana Mathenge alikuwa amemfundisha Kagure kutoa magamba, na yeye mwenyewe alikuwa anaramba mifupa. Ilijulikana mjini kwamba kula samaki ni dalili ya cheo. Mtu mwenye tamaa ya kupandishwa ngazi alijitokeza kwenye hoteli ya Kagure siku ya Ijumaa na kuketi karibu na dirisha, ili aonekane. Kagure alilazimika kununua sufuria nyingine, ambayo ilikaa nje na haikuruhusiwa kuingia ndani hata mvua ikinyesha.

Masanduku mengine tuliyapeleka Nairobi kwa Katibu Mkuu. Mwanzoni aliuliza kwa simu kama kuna dereva amemwaga kitu juu ya sanduku. Bwana Mathenge alimweleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya samaki aliyethibitishwa, na kwamba samaki wa kawaida wanaoliwa na watu wa chini hawana hiyo. Katibu Mkuu hakuuliza tena. Baada ya muda akawa anapiga simu Jumatano kuuliza kama sanduku limeondoka. Alisema amegundua kwamba bila ile harufu halali vizuri.

Siku ya sherehe ikafika. Uwanja ulipambwa kwa karatasi za buluu kuwakilisha maji. Mchele wa pishori uliletwa kutoka Wang'uru kwa magunia, watoto wa shule walicheza ngoma ya mawimbi, na kwaya ya kiwanda cha chai iliimba wimbo ambao ulikuwa wa chai lakini neno moja lilibadilishwa. Wageni wakubwa walikaa chini ya hema. Mimi nilikuwa kwenye kipaza sauti.

Kina mama karanga walifika na karai zao na mafuta yao ya kupikia. Bi Mejumaa hakutetemeka safari hii. Alikuwa amenunua koti la sufu sokoni. Nilipopita karibu na sanduku nikaona samaki wakubwa, wa rangi ya waridi, macho yao maangavu. Nikamuuliza mbona hawafanani na wale wetu. Alisema wavuvi waliazima boti ya mashine kijiji cha jirani wakaenda nje kabisa, mbali na ghuba, kwa kuwa mgeni huyu si wa kupewa samaki wa kila siku. Nilimsifu kwa moyo huo. Karai zilianza kulia, na ajabu ni kwamba hakuna aliyefunika pua. Kagure, aliyekuja na chapati zake, alisogea karibu na karai, akachukua kipande kimoja, akala amesimama. Akachukua kingine.

Katibu Mkuu akapewa sahani ya kwanza. Alikata, akanusa, akakunja uso. Akatia mdomoni. Alitafuna polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza, halafu akageukia pembeni akatema kwenye leso yake ya mfukoni.

"Mathenge," alisema. "Hii ni nini umenipea?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Bwana Mathenge alionja haraka, akatema naye. Bwana Roble alitema. Nami nikaonja, na ninashuhudia kama ofisa wa serikali kwamba yule samaki hakuwa na chochote. Alikuwa laini, mweupe, mwenye utamu kidogo kama wa maziwa, na hakuwa na harufu wala ule moto unaobaki kooni. Ilikuwa aibu. Chini ya hema lote watu wa vyeo walikuwa wanatema kwenye leso, na huko nje kwenye nyasi wananchi walikuwa wanakula na kurudia foleni, kwa kuwa hawajafundishwa.

Bwana Mathenge alijaribu kueleza kwamba labda ni makosa ya upishi. Katibu Mkuu alimkata. Alisema amekula samaki huyu kila wiki na anamjua kama anavyojua mkono wake. Kwamba kamati ilimwandikia bahari imepona, naye akamwambia Waziri bahari imepona, na sasa analetewa samaki asiye na damu mbele ya watu.

Bi Mejumaa alikuwa amekuja mpaka mbele ya meza, akipangusa mikono kwa leso.

"Kwa hivyo, Bwana Mkubwa," aliuliza, kwa unyenyekevu ambao sijauona tena, "nikifika nyumbani niwaambie watu kwamba bahari haijapona?"

"Waambie haijapona," alisema Katibu Mkuu, na sauti yake ikafika mpaka barabarani. "Waambie ni mgonjwa sana."

Neno la Katibu Mkuu likipita kwenye kipaza sauti huwa ni sera. Nililiandika papo hapo. Kabla jua halijatua, maagizo yalikuwa yametoka: vijana wa kukwangua warudishwe Mikandaani, mara mbili ya wale wa kwanza, pampu mpya ziende, na zisirudi mpaka ghuba yote isafishwe. Samaki wasio na harufu wasivuke Mariakani kuja bara, bali waliwe huko huko na waathirika wenyewe au wauzwe kwa watu wa pwani, ambao wamekwisha kuathirika. Samaki wenye harufu nzuri watengwe kwa matumizi ya ofisi. Na Bwana Mathenge, kwa uzembe wake, aonje kila sanduku kabla halijapelekwa Nairobi.

Ninapoandika haya, mwaka unakaribia kwisha, na kazi kule inaendelea kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mikoko mingi imekwanguliwa mpaka imechipua. Hali hiyo imetuletea tatizo, kwa sababu samaki wetu wamekuwa haba. Bi Mejumaa, ambaye hupanda mwenyewe na masanduku, ametuhakikishia tusiwe na wasiwasi. Kuna kona moja ndogo ya ghuba, chini ya mwamba, ambayo wanakijiji wamekubaliana isiguswe. Wanaiita Ofisi. Kila Alhamisi mtu hutumwa huko na wavu kwa ajili yetu tu.

Afya za wanakamati si mbaya. Bwana Mathenge hupata kwikwi ndefu, na mkewe hamruhusu tena kuketi karibu na jiko. Daktari wa hapa Nyeri alimuuliza kama ameajiriwa kituo cha petroli. Katibu Mkuu naye amelazwa mara moja au mbili, lakini sanduku lake halijarudishwa hata siku moja.

Linalonisikitisha kwa kweli ni habari za watoto. Ijumaa iliyopita nilimuuliza Bi Mejumaa kuhusu yule mjukuu. Akaniambia mtoto amebadilika. Sasa anakula wale wasio na harufu mpaka anaramba vidole, na anaomba wengine. Bibi yake alipompa mmoja wa wale wetu, wazima, waliothibitishwa, alimtema, akakimbia nje akilia kwamba bibi anataka kumlisha taa. Watoto wote wa Mikandaani wako hivyo. Nilimwambia mama huyo asikate tamaa, serikali haiwezi kuacha kizazi kizima kiharibike ulimi, na kwamba mimi mwenyewe nimependekeza kamati ndogo ya kuwarudishia watoto wa pwani ladha halisi ya samaki, makao yake yawe hapa hapa.

Bi Mejumaa alinitazama kwa muda. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifunika leso usoni na mabega yakamtikisika, na alipoifunua macho yake yalikuwa na machozi. Nimekiandika kicheko hicho kama shukrani. Alituombea heri, akisema afya njema, mwanangu, wewe na wakubwa wako, akatufungulia sanduku, akashuka ngazi kumsalimia Kagure, ambaye alikuwa amemwekea kiti karibu na moto. Sisi tukafunga dirisha kwa sababu ya baridi, tukanawa mikono, tukala.